Kilima Hakimwangushi Mtu: Kuzimia na Mazoezi Kisii na Nyamira

Mkulima yeyote wa chai kati ya Kebirigo na Nyansiongo anaweza kukutana na kisa hiki. Mama ameamka kabla ya jua. Amechuma majani mawili na chipukizi kwenye mteremko tangu umande haujakauka, amejitwika kikapu mgongoni na kupanda nacho hadi barabarani. Njia nzima hakulalamika. Amefika kituoni, ametua kikapu, amejiunga na foleni kumsubiri karani wa mizani. Dakika kumi zinapita, kumi na tano. Masikio yanaanza kuvuma. Jasho baridi linamtoka usoni, macho yanaingia giza kuanzia pembeni, midomo inapoteza rangi. Anasema, "Nishikeni," na kabla neno halijaisha yuko chini.

Waliomzunguka wana maelezo tayari. Kilima kimemchosha. Hajala. Ana presha. Mmoja anasema kifafa, mwingine anamtaja jirani asiyempenda. Ushauri unaofuata ni ule ule: enda nyumbani ukalale, usibebe tena kikapu, usipande tena kilima. Unatolewa kwa huruma, na ndio unaoweza kumwongezea ugonjwa.

Tazama tena alipoangukia. Kilima alikimaliza akiwa mzima. Alianguka akiwa amesimama tuli kwenye foleni, hapandi wala habebi. Humo ndimo lilimo suala zima la kuzimia kunakotokana na hitilafu ya mzunguko wa damu: aghalabu mwenye hali hii huangushwa na kusimama bila kusogea kuliko kutembea, na mazoezi anayokatazwa na jamaa zake ni sehemu kubwa ya tiba yake, mradi yaanze mahali panapofaa na yamalizwe inavyofaa.

Moyo wa pili

Mwili wa mtu mzima una takriban lita tano za damu. Anapoinuka kitandani, kati ya nusu lita na karibu lita nzima huvutwa chini, ikakaa tumboni, mapajani na miguuni. Moyo hupokea kidogo, husukuma kidogo, na shinikizo huanza kupungua. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ya juu ya moyo kuna neva zinazopima mkazo wa damu kwa kila pigo. Zikihisi upungufu, moyo huamrishwa upige haraka na mishipa ya chini ijikaze. Kwa mwenye afya kazi hiyo humalizika kwa sekunde chache, asijue kwamba kuna lolote lililotokea.

Hata hivyo, damu iliyo kwenye nyayo ina safari ya zaidi ya mita moja kurudi moyoni, na huipanda ikipingana na uzito wake yenyewe. Vinavyoisukuma ni vigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Kila hatua vigimbi hukaza na kuibana mishipa, damu ikapanda, na vali ndogo zilizomo ndani zikafunga nyuma yake isirudi. Vali hizo zilielezwa na Fabricius wa Padua mwaka 1603, na mwanafunzi wake, William Harvey, akazitumia mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu huzunguka. Siku hizi madaktari wengi huviita vigimbi moyo wa pili.

Kwa hiyo mama yule alipokuwa anapanda, mioyo yake yote miwili ilikuwa kazini. Alipotua kikapu na kusimama tuli, mmoja ulizima. Wakati huohuo mishipa ya miguu yake ilikuwa bado imepanuka kwa joto la kazi, na maji mengi yalikuwa yamemtoka kwa jasho. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde sita hadi kumi, fahamu hupotea. Kuanguka kwenyewe ni njia ya mwili kujiokoa, kwa maana damu ya aliyelala haina mlima wa kupanda. Ndiyo sababu wengi huzinduka ndani ya dakika moja. Na ndiyo sababu si vyema kumwinua aliyezimia na kumkalisha kitini. Mwacheni alale, inueni miguu yake, mpeni hewa.

Hali tatu, na dhana zinazozifunika

Neno kuzimia hufunika mambo tofauti. Linalotokea sana ni lile la mwili kukosea amri: kwa kusimama muda mrefu, kwa maumivu, kwa kuona damu au kwa hofu, moyo hupunguza mwendo na mishipa hulegea kwa pamoja, pale hasa ilipopaswa kukaza. Mwanafunzi anayeanguka kwenye gwaride la bendera Jumatatu asubuhi, akiwa hajanywa chai, mara nyingi ni wa kundi hili.

La pili ni shinikizo kushuka mtu anapoinuka. Kipimo chake kinajulikana: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama. Huwapata sana wazee, wenye kisukari cha miaka mingi ambacho kimeharibu neva, na wanaotumia dawa za presha, hasa zile zinazotoa maji mwilini. Mzee anayeamka usiku wa manane, akatoka nje kwenda chooni kwenye mteremko wenye utelezi, yuko katika saa yake ya hatari. Ametoka kwenye joto la blanketi, ameinuka ghafla, na kukojoa akiwa wima kunaweza kulishusha shinikizo zaidi. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe nyayo, kisha ndipo asimame. Na kama anaweza kuketi anapojisaidia, aketi.

La tatu liligunduliwa rasmi juzi tu. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walilipa jina ambalo kwa kifupi ni POTS. Mgonjwa akisimama, shinikizo halishuki sana, lakini mapigo ya moyo hupanda kwa 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika kumi. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kiwango ni 40. Pamoja nayo huja kizunguzungu, kutetemeka, uchovu usioisha na akili kujaa ukungu, kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi wanaougua ni wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa. Wengi huambiwa kwamba wana wasiwasi, au ni wavivu. Si haki kumwambia hivyo mtu ambaye moyo wake unapiga mara 130 kwa dakika akiwa amesimama tu jikoni akisonga ugali.

Kabla ya kulitaja jina lolote kati ya hayo, sharti sababu za kawaida zitazamwe. Upungufu wa damu, iwe ni kwa hedhi nzito, uzazi, minyoo au malaria, humfanya mtu azimie upesi. Mimba nayo hushusha shinikizo. Pombe hupanua mishipa, na kuharisha hukausha mwili. Kupima wingi wa damu ni jambo dogo linaloweza kumaliza fumbo la miaka.

Kuna pia dhana ya kifafa. Aliyezimia anaweza kutikisika mikono kidogo, watu wakadhani ni degedege. Tofauti huonekana baadaye: wa kuzimia hujitambua upesi, akajua yuko wapi, wa kifafa huchanganyikiwa kwa muda mrefu, na huenda ameuma ulimi. Aliyeshuhudia na akaweza kueleza hayo vizuri humsaidia daktari kuliko mashine nyingi.

Na kuna dhana nzito kuliko hiyo. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Halikuwa tukio la kwanza Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira. Siyataji mauaji hayo kwa kuwa yalitokana na kuzimia. Nayataja kwa sababu ugonjwa usioelezwa hutafutiwa mtu wa kulaumiwa, na mwili unaoanguka ghafla ukainuka mzima ni miongoni mwa mambo yanayoomba maelezo kwa sauti kubwa. Kueleza jinsi damu inavyoshuka miguuni ni kazi ya tiba. Huku Gusii ni pia kazi ya kulinda uhai wa bibi zetu.

Mtego wa kitanda

Turudi kwa yule mama aliyeambiwa akalale. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani majuma matatu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukaporomoka. Miaka 30 baadaye wakapimwa tena, na ikaonekana kwamba majuma matatu ya kulala yalikuwa yameushusha uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Moyo usiotumika hupungua ukubwa, damu hupungua wingi, vigimbi hulegea.

Kwa mwenye hitilafu ya mzunguko wa damu huo ndio mtego. Anazimia, anaogopa, analala. Kulala kunapunguza damu na misuli, kwa hiyo akisimama tena anazimia upesi zaidi, naye anaogopa zaidi. Watafiti wa Dallas waliowachunguza wagonjwa wa POTS waliwakuta wengi na moyo mdogo na damu pungufu. Katika matokeo yao ya 2010, baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya mpangilio maalumu, zaidi kidogo ya nusu ya waliomaliza hawakuwa tena na vipimo vya POTS. Neno la kuzingatia hapo ni mpangilio. Wagonjwa hawakuambiwa wakakimbie. Walianza kwa kuogelea, kupiga makasia ya mashine na kuendesha baiskeli ya kuegemea, yaani mazoezi ambayo damu haishuki miguuni. Ya kusimama yaliongezwa baadaye, kidogo kidogo.

Kuanzia kwenye mkeka

Nyamaiya, huku Nyamira, hakuna mashine ya makasia, na mito yetu si ya kuogelea kwa mazoezi. Lakini kanuni inaweza kuhamishwa: anza umelala, endelea umeketi, malizia umesimama.

Kwenye mkeka, majuma ya kwanza, mtu alale chali. Avute nyayo kuelekea usoni na kuzisukuma mbele, mara 20 au 30. Akunje magoti na kuinua nyonga, akazishikilia juu kwa pumzi chache. Akanyage hewa kama anayeendesha baiskeli. Kisha aketi sakafuni, miguu mbele, apitishe kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye kitu kizito kisichosogea, akivute kuelekea tumboni na kukirudisha taratibu. Hayo ndiyo makasia yake. Siku tatu au nne kwa juma zinatosha, kwa kasi ambayo bado anaweza kuzungumza sentensi nzima. Akianza na dakika tano hadi kumi, asione haya. Siku za mwanzo uchovu unaweza kuongezeka; hapo apunguze, lakini asiache.

Baada ya mwezi hivi, aongeze ya kitini: kuinua visigino, kunyoosha goti, kuinuka na kuketi tena. Ndipo aanze kutembea, na hapa nchi yetu ina masharti yake. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Tambarare ni chache, lakini zipo: uwanja wa shule, au barabara inayofuata mgongo wa kilima. Atembee hapo kwanza. Kilima kije mwisho, tena kwa kituo: apande kidogo, aketi, aendelee.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sekunde za hatari zaidi ni zile za kukoma. Wanamichezo wanalijua. Tarehe 13 Oktoba 1968, kule Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari, Naftali Temu wa Nyamira alishinda mbio za mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Siku hiyohiyo Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo, alimaliza wa sita, akaanguka baada ya mstari na kupoteza fahamu, akahudumiwa kwa oksijeni. Tatizo kubwa la Clarke lilikuwa uhaba wa hewa kwenye nyanda za juu, ilhali Temu alikuwa amezaliwa na kulelewa kwenye nyanda kama hizo. Hata hivyo, kila mkimbiaji anayekata utepe na kusimama ghafla huuzima moyo wa pili wakati mishipa yake iko wazi kabisa. Kwa mwenye hitilafu, kosa hilo hilo hutokea mwisho wa kilima cha kawaida. Ukifika juu, endelea kutembea pole pole dakika tano, au keti mara moja. Usitoke kwenye mwendo ukaingia kwenye kusimama.

Kujikinga mahali pa kusimama

Mazoezi huchukua miezi kuzaa matunda, na maisha hayasubiri. Kuna foleni ya chai, gwaride, ibada, na mazishi yetu yenye hotuba ndefu. Kwa hayo kuna mbinu ambazo hazigharimu chochote. Mtu akihisi dalili za kwanza, apishanishe miguu na kukaza mapaja, matako na tumbo kwa pamoja. Au afumbate ngumi kwa nguvu. Au apachanye vidole vya mikono miwili na kuvivuta kila upande. Utafiti ulioongozwa kutoka Amsterdam na kuchapishwa 2006 uliwagawa watu wanaozimia kwa kukosea amri makundi mawili. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida pekee, asilimia 51 walizimia tena. Kati ya waliofundishwa mbinu hizi, asilimia 32. Ikiwa muda hautoshi, achuchumae. Hakuna aibu ya kuchuchumaa inayozidi hatari ya kupasua kichwa kwenye ukingo wa saruji.

Maji ni ya pili. Nusu lita ya maji ikinywewa kwa mara moja huinua shinikizo la watu wa aina hii ndani ya dakika chache na kuwashikilia kwa saa moja hivi. Kwa hiyo kikombe kikubwa kabla ya kwenda shambani ni sehemu ya zoezi lenyewe. Mlo mkubwa mmoja huvuta damu tumboni. Afadhali milo midogo. Asubuhi ndiyo saa ngumu, kwa hiyo mazoezi ya alasiri huwafaa wengi. Leso iliyofungwa imara tumboni haifikii mshipi wa hospitali, lakini inafuata wazo lilelile la kuzuia damu isijikusanye huko.

Chumvi inahitaji tahadhari. Wagonjwa wa POTS wengi hushauriwa na madaktari waiongeze, hata kufikia gramu 10 kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka watu kwa jumla wasizidi gramu 5. Mwenye presha ya juu, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mwenye mimba, asilifuate shauri hilo bila daktari. Asisimamishe pia dawa zake za presha kwa hofu ya kizunguzungu; azipeleke kliniki zipangwe upya.

Wakati mkeka hautoshi

Kuna kuzimia ambako hakupaswi kusubiri zoezi lolote. Anayeanguka akiwa katikati ya kukimbia, si baada yake. Anayeanguka bila dalili ya kumwonya. Anayeanguka akiwa amelala au ameketi. Mwenye maumivu ya kifua au moyo unaokwenda mbio bila mpango. Na yule ambaye katika ukoo wake kijana alikufa ghafla. Wote hao wasianze mazoezi kabla ya kuonwa. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun aliangukia katikati ya uwanja mjini Lyon, mpira ukiendelea, akafa. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kuliko kawaida. Kwetu Kenya kuna pia vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Kipimo cha ECG, kinachoandika umeme wa moyo, ndicho mlango wa kwanza, na pa kuuliza ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Ikibidi upasuaji, Tenwek kule Bomet si mbali.

Kwa waliobaki, uchunguzi unaweza kuanzia nyumbani. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye mashine ya kupimia presha. Tuseme mhudumu amebisha hodi. Binti wa nyumba hiyo alale dakika kumi, apimwe: 110 kwa 70, mapigo 72. Asimame karibu na kitanda, mamake akiwa kando. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya kumi: shinikizo liko pale pale, mapigo yamefika 118. Kwa dakika ishirini hivi, nyumbani kwao, uvivu umegeuka kuwa namba ambazo daktari anaweza kuzisoma. Wahudumu wakifundishwa kupima mtu akiwa amelala na akiwa amesimama, badala ya akiwa ameketi pekee, wataona mengi ambayo kliniki huyakosa.

Shule nazo zina wajibu. Mwalimu mkuu anaweza kufupisha gwaride, kuwaruhusu wanafunzi wachezeshe visigino na kumruhusu anayesikia kizunguzungu aketi bila kuadhibiwa. Vituo vya chai vinaweza kuweka mabenchi ya kuketi na mtungi wa maji. Si miradi ya mamilioni. Ni mbao nne na misumari.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama aliyeanguka kwenye foleni, baada ya kupimwa na kupitia miezi ya mkeka, anaweza kurudi na kikapu chake mgongoni. Atapanda kama zamani. Kitakachobadilika ni dakika zile za juu: akitua mzigo atazungukazunguka kwanza, atakunywa maji yake, kisha ataketi. Jina lake likiitwa ndipo atakaposimama, visigino vikipanda na kushuka, hadi karani aandike kilo zake.